Goti Langu na Kombe la Shule

Shule yetu ilikuwa pembezoni mwa mji wa Tabora, pale ambapo Isevya inachoka kuwa mji na kuanza kuwa mashamba ya mihogo. Hakuna mtu aliyewahi kuichagua. Ulipangiwa tu, na wazazi wako walipoulizwa mtoto kapelekwa wapi, walitaja jina lake huku wakikohoa. Mjini kulikuwa na shule kongwe za bweni, zenye kuta nene za enzi za wakoloni na wakubwa wa nchi waliosoma humo. Sisi tulikuwa na madarasa ya matofali ya michango, kila kaya ilichoma ya kwake kwa kipimo ilichokijua yenyewe, ndiyo maana hapakuwa na ukuta hata mmoja ulionyooka. Ukiegemea wa Kidato cha Kwanza B ulikuwa unapata usingizi, jinsi ulivyolala vizuri.

Mkuu wa shule hakuukubali unyonge huo. Yeye alikuwa mtu wa historia, na kila Jumatatu mstarini alitukumbusha kwamba shule imekaa juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kwenda Ujiji. "Hapo unapojikuna wewe," alikuwa akimnyooshea mtu kidole, "wapagazi walitua mizigo yao!" Ushahidi wake ulikuwa kipande cha chuma chenye kutu kilichopatikana siku ya kuchimba choo cha wasichana. Yeye alisema ni mtutu wa bunduki ya msafara. Mwalimu wa fizikia alisema ni bomba la moshi la pikipiki. Chuma kile kiliwekwa ofisini juu ya kitambaa cha kudarizi, na kila mgeni kutoka wilayani alipelekwa akione kabla ya kupewa soda. Bahati mbaya kilikaa peke yake, kwa sababu kabatini kwetu hapakuwa na kombe hata la plastiki. Timu yetu ya mpira ilikuwa inafungwa mpaka na mvua.

Uwanja tulikuwa nao, lakini tulishirikiana na ng'ombe wa jirani, na ng'ombe ndio waliokuwa na ratiba ya uhakika. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alipohamishiwa kwetu, aliangalia magoli yasiyo na nyavu, akaangalia mavi ya ng'ombe kwenye duara la kati, akasema sisi tutakimbia mbio za barabarani. Mbio hizo hazihitaji uwanja, zinahitaji barabara, na barabara tulirithi.

Mwalimu huyo alikuwa Mzaramo wa Pwani, mtani wetu sisi watu wa Tabora, na hakupoteza dakika moja ya utani wake. Mtu akichoka kwenye mazoezi aliambiwa, "We mpagazi, babu yako kabeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini kwetu, we unashindwa kujibeba mwenyewe?" Nasi tulimjibu kwamba babu zetu walibeba mizigo kwa sababu babu zake walikuwa wavivu wa kuifuata. Alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye aliyenigundua, na hakunigundua kwenye mazoezi. Nilichelewa asubuhi moja, mwalimu wa zamu akanikimbiza na fimbo yake kuzunguka jengo la maabara, hakunipata. Mzaramo alikuwa dirishani anakunywa chai. Alitoka na kikombe mkononi, akamwambia mwenzake aache kujidhalilisha.

Mimi nilikuwa mgeni wa mji. Kwetu ni Choma, wilaya ya Igunga, kwa wakulima wa pamba na wafugaji, na hapo Isevya nilikuwa nakaa kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa anauza vitenge na kujua mambo ya kila nyumba. Choma nililelewa na bibi mzaa baba. Bibi hakujua kusoma, ila somo moja alilifundisha mpaka likaingia kwenye mifupa: mtoto wa kike akikutana na mkubwa, hapiti. Anapiga goti, anasalimia, anasubiri kuulizwa habari zote, na haondoki mpaka aachiliwe. Ndoo kichwani, goti. Mbuzi wamekimbilia shamba la watu, goti kwanza, mbuzi baadaye. Sheria hii ilikuwa na msamaha mmoja tu. Mtu mzima aliyekupa mgongo kando ya njia hasalimiwi, unapita kimya kama hukumwona, kwa sababu inawezekana kabisa anajisaidia. Tulikuwa tunapita hivyo tukiwa watoto, tumefumba midomo, halafu mbele huko tunaangua kicheko.

Nikiwa kidato cha pili niliingizwa kwenye mbio za wasichana za sekondari zote za wilaya. Zilianzia upande wa sokoni, zikafuata ile njia ya zamani, zikapita katikati ya Isevya na kuishia kwenye uwanja wetu, ambako siku hiyo ng'ombe walikuwa wameombwa kwa heshima wasifike. Nilikimbia pekupeku kama nilivyozoea, na nusu ya njia nilikuwa mbele yao wote. Wazee waliokaa vibarazani niliwapigia "shikamooni" ya jumla bila kusimama, na roho ikaniuma, lakini nilisonga.

Kwenye kona ya kijiwe cha kahawa, karibu kabisa na shule, bibi mmoja alikuwa anavuka barabara na mkongojo wake. Aliniangalia usoni. Magoti yangu hayakuniuliza. Nilijikuta niko chini, kwenye vumbi, mikono nimeikusanya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

"Hawajambo, bibi. Niko kwenye mashindano."

"Mashindano ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Nani anakufukuza?"

Wakati namweleza kwamba sifukuzwi na mtu, wasichana wa shule moja ya bweni walitupita, viatu vyao vyeupe vikichapa lami. Bibi aliwatazama, akasikitika, akasema watoto wa siku hizi hawana salamu, haya niambie wewe ni wa ukoo gani. Alipomaliza ukoo aliuliza mvua za kwetu. Aliponiruhusu aliniombea baraka ndefu na kunionya nisichelewe shule. Nilifika uwanjani wakati watu wa mbele wameshakunywa maji na kuvaa kandambili.

Mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya chuma chake. "Kwa nini hukumwambia uko kwenye mashindano?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Nilipomweleza, mwalimu wa fizikia alitoka nje ya ofisi akiwa ameziba mdomo. Mwezi mzima shule nzima ilinipigia goti. Nikiingia darasani, goti. Nikienda kununua mihogo ya kukaanga, muuzaji anauliza nyumbani hawajambo, mvua mmepata. Niliwachukia wote, na nilimchukia zaidi Mzaramo kwa sababu hakucheka. Alikuwa anafikiri, na mawazo ya mwalimu yule yalikuwa hatari kuliko fimbo za wenzake.

Alichofikiri ni hiki. Mwaka uliofuata, kila jioni ya mazoezi, aliwapanga wanafunzi kando ya njia wamevaa kama wazee: kanzu za kuazima, vibaragashia, mikongojo, kanga za mama zao, na ndevu za pamba niliyotumiwa mimi mwenyewe kutoka Igunga ili nitengenezee mto. Kazi yangu ilikuwa kuwapita wote bila kupiga goti. Siku ya kwanza nilimpigia goti mtoto wa kidato cha pili ambaye ndevu zake zilikuwa zimehamia sikioni. Alijibu "marahaba" kwa sauti nzito na kunitoza peremende. Ilichukua muda mrefu. Mzaramo alikuwa ananifuata na baiskeli, anapiga kelele, "Pita! Huyo hakuzai! Pita! Huyo kesho ana mtihani wa hesabu!" Mwishoni nikaweza. Nilijifunza kutazama barabara tu, futi chache mbele ya vidole vyangu, na wazee wakawa kwangu sawa na nguzo za umeme.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jioni moja katika ile njia nilimpita mzee mmoja wa kweli aliyesimama na kofia yake ya pama, nikamchukulia kuwa ni mmoja wa wale wa pamba. Alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa amekuja Tabora kwa mambo ya mnada wa ng'ombe na amesimama pale anatafuta bodaboda ya kumleta kwa shangazi. Hakufika kwa shangazi. Alipanda basi la asubuhi na hasira zake, na Choma nzima ikajua kwamba huko mjini watoto wanafundishwa na walimu, kwa zamu, jinsi ya kuwapita wakubwa kama mbuzi.

Baba alikuja mwenyewe, juma la mashindano. Alikuja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, fimbo yake na kofia ya Ijumaa, ingawa sisi si watu wa Ijumaa. Nilipiga goti mlangoni, nikasalimia, akaitika, akaniuliza habari zote kwa utaratibu bila kuruka hata moja. Ndipo akasema kilichomleta. Baba ni mtu wa maneno machache, na aliyasema yote kwa pumzi moja.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu. Nikiona mtoto wangu bado ana adabu, atamaliza kidato cha nne hapa. Nikiona mtoto anayepita watu bila kuwasalimia, tunapanda basi wote. Shule ya namna hiyo hata mbwa wangu ameimaliza."

"Na akishindwa mbio kwa ajili ya magoti yake?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Mbio sikuzileta mimi."

"Mtoto anashika nafasi nzuri darasani, wewe unasikiliza wauza ng'ombe!"

"Mwacha mila ni mtumwa, dada."

"Na mshika mila asiyetumia akili je?" Shangazi alikuwa mkubwa wake, kwa hiyo baba aliinamia fimbo yake, lakini neno lake hakulifuta.

Mzaramo alipopata habari alikuja usiku huohuo kumsalimu. Walitaniana kwanza, kama ilivyo ada. Baba alimwambia akimharibia binti atamtoza ng'ombe, na kwa kuwa Wazaramo hawana ng'ombe, atachukua mke. Mwalimu akajibu kwamba mke wake anakula sana, mtani atajuta. Walicheka, ndipo neno lenyewe likaja. Mwalimu alimwomba baba siku ya mbio akae uwanjani, kwenye viti vya wageni, ambako nitakuwa nimeshamaliza na ninaweza kumpigia magoti mpaka jua lizame. Baba alisema kwenye viti vya wageni hapatakuwa na cha kuona. Alitaka kuwa njiani.

Sikulala vizuri. Nilitaka kumaliza shule ile mbovu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa naidharau kila siku, kuta zake na bomba lake la moshi, lakini nilipofikiria kurudi Choma kabla ya mtihani, niliinuka nikapapasa madaftari yangu gizani. Na kombe nalo nilikuwa nalitaka, nisiseme uongo. Nilitaka wale waliokuwa wananipigia goti kantini wanione nalo mkononi. Sikuona namna ya kupata vyote.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na bodaboda walijipanga kutusindikiza kwa honi bila kuombwa na mtu. Nilianza polepole kama nilivyofundishwa, nikawapita mmoja mmoja. Tulipoingia Isevya tulikuwa tumebaki wawili mbele, mimi na msichana mrefu wa shule ya bweni, mmoja wa wale wa viatu vyeupe walionipita mwaka uliopita. Nilikuwa mbele kwa hatua chache tu. Nilikuwa namsikia anavyohema. Vibarazani wazee walikaa kama kawaida, nami nikatazama barabara, futi chache mbele ya vidole, nguzo za umeme, nguzo za umeme. Lakini kona ya kijiwe cha kahawa ilipotokea, macho yangu yalinyanyuka yenyewe.

Baba alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye stuli ambayo wazee wa kijiwe walimpa kama mgeni, kikombe cha kahawa mkononi. Kofia ile. Fimbo katikati ya magoti. Alikuwa ananitazama mimi, na hakukuwa na njia ya kusema sikumwona. Nilijua kwamba siwezi kumfanya nguzo ya umeme. Ningeweza kumpita kila mzee wa Tabora, kuanzia sokoni mpaka Ujiji, ila si yule. Mwendo ulipungua. Yule msichana akafika begani kwangu. Magoti yangu yalianza kulegea, nikahisi kabisa yanaanza kukunjika, na machozi yakaja kwa hasira, maana nilikuwa najua nakosa kombe na wala sina uhakika kwamba goti moja litamridhisha.

Baba akasimama. Akaweka kikombe chini taratibu, akachukua fimbo yake, akatugeuzia mgongo. Akasogea mpaka kwenye ukuta wa duka la jirani, akasimama pale, uso ukutani, miguu imeachana kidogo, kama abiria aliyeteremka kwenye basi kuchimba dawa.

"Mzee!" mwenye duka alipiga kelele kutoka ndani. "Mzee, hapo ni dukani kwa watu!"

Baba hakugeuka. Muuza kahawa naye akamwita, "Mzee, mwanao huyo anapita, tazama!" Alikuwa mtu wa heshima zake, baba yangu, mtu ambaye Choma haendi hata kwenye kichaka cha karibu mpaka aangalie pande zote. Alisimama pale mchana kweupe, hapo Isevya, mbele ya watu na honi za bodaboda, akiwa ameshika mbele ya suruali yake kwa mkono mmoja ili hata mjinga aelewe.

Mzee mmoja wa kijiwe, Mnyamwezi wa palepale, alielewa. Aliguna, akainuka, akaenda kusimama ukutani karibu naye. Mwingine akafuata. Nilipoifikia kona ile kijiwe kizima kilikuwa kimenipa mgongo, kanzu na makoti, mstari mmoja ukutani, na mwenye duka ametoka na ufagio anaomba serikali ya mtaa iitwe. Nilipita kimya, nimefumba mdomo, kama bibi wa Choma alivyonifundisha. Halafu nikakimbia. Nilikimbia nikilia na kucheka, kamasi zikinichuruzika, na yule msichana wa viatu vyeupe sikumsikia tena. Baadaye alilalamika kwa waamuzi kwamba wazee wa kata yetu wanajisaidia barabarani ili kuwatisha wageni.

Uwanjani nilikata utepe, yaani kitenge cha shangazi kilichochanwa kwa ajili hiyo. Mkuu wa shule alihutubia kuhusu misafara mpaka watu wa wilayani wakaanza kuangalia saa. Kombe liliwekwa juu ya kile kitambaa cha kudarizi, kando ya bomba la moshi, na lilikuwa dogo kuliko bomba. Mashindano ya mkoa yaliyofuata niliachwa mbali sana na wasichana ambao sijui walikuwa wanakula nini. Hayo hayamhusu mtu.

Jioni ile niliingia kwa shangazi na vumbi langu. Baba alikuwa sebuleni anakula michembe yake. Nilipiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye mbio, baba. Nimeshinda."

"Aa." Alitafuna kidogo, kisha akamgeukia shangazi, kwa sauti ile ya kikao cha ukoo. "Dada, wewe ni shahidi. Nimekaa njiani siku nzima. Sijaona mtoto aliyenipita bila kunisalimia. Huko nyumbani nitasema hivyo."

"Utasema hivyo," shangazi alijibu, na akaingia jikoni haraka kwa sababu zake.

Kesho yake alipanda basi peke yake. Nilimaliza kidato cha nne pale, kwenye darasa lenye ukuta uliolala, na nikaendelea. Siku hizi nina kazi mjini na ninapita kona ile na bajaji karibu kila siku. Shule imepata ukuta mmoja ulionyooka, na mbio zile bado zinakuja kila mwaka. Wasichana wakikaribia, wazee wa kijiwe wanainuka wenyewe na kwenda ukutani, na mwenye duka siku hiyo hafungui.

Nikienda Choma, wageni hawakosi, na baba akishashiba husimulia mbio zile mwanzo mpaka mwisho. Anasimama kabisa kuonyesha. Anasema nilivaa viatu vyekundu. Anasema niliipita ile kona nimewaacha wenzangu mbali, hata vumbi lao halionekani, huku nikitabasamu, na kwamba aliponyanyua fimbo kunipungia na mimi nilimpungia. Baba mdogo, ambaye siku hizi amepoa, husikiliza kama wengine. Kisha mgeni hunigeukia mimi na kuuliza, kweli ilikuwa hivyo? Mimi huwa nimepiga goti hapo chini namwongezea baba chai. Najibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, yeye ndiye aliyeona.